Seyyid Barghash, gari lake la moshi na stima ya Mombasa

Usiku wa Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya Isha, niliitwa nyumba ya pili huku kwetu Kibokoni kwenda kutazama gari la moshi lisilokwenda. Lilikuwa ni gari la kuchezea, la mtoto wa miaka tisa, aliloletewa na mjomba wake afanyaye kazi Ulaya. Siku ya kwanza mjomba alilipanga duara sakafuni, likaenda vizuri, mtoto akafurahi na majirani wakaja kutazama. Usiku wa kuamkia safari yake mjomba akaona aongeze uhondo: akaifungua ile duara, akaifanya njia ndefu, na mwisho wa njia akaipinda reli ikajirudia yenyewe mfano wa kitanzi, ili gari lifike mwisho, lizunguke, lirudi lilikotoka bila ya kuinuliwa kwa mkono. Asubuhi akaenda zake uwanja wa ndege. Tangu hapo gari halikusogea hata shibiri moja.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kalamu, na tungo mbili tatu kila nikipata utulivu. Niliitwa kwa kuwa ni jirani. Aliyeitwa kwa kazi ni mzee mmoja wa hapa Mji wa Kale, fundi wa stima tangu ujana wake, ambaye amepitisha waya katika kuta nyingi za matumbawe kuliko nyumba ninazozijua mimi. Alikaa kitako juu ya mkeka, akavaa miwani, akaanza pale anapoanza siku zote, yaani kwenye chemchemi ya stima, si pale panapolalamikiwa. Akapima kama sanduku linatoa volti kumi na mbili. Linatoa. Akaunganisha waya kwenye reli, na mara taa nyekundu ya sanduku ikazimika. Akaondoa waya, taa ikawaka. Akarudisha, ikazimika tena.

Watu wengi hawajui, nami sikujua mpaka usiku ule, kwamba gari la namna hii halina waya wa kuliendesha. Reli zenyewe ndizo waya. Stima hupanda kwa reli ya kulia, huingia kwenye gurudumu, hupita katika mota, kisha hushuka kwa gurudumu la upande wa pili na kurudi sandukuni kwa reli ya kushoto. Ukigeuza waya, kulia kuwa kushoto, gari hurudi kinyumenyume. Na reli hizo mbili zikigusana popote pale, hata kwa ukucha wa bati, stima haina haja tena ya kwenda kwenye mota. Hupita njia ya mkato, na sanduku likiwa na akili hujizima lisiungue. Mafundi huita kupiga shoti.

Huku akizipangusa reli kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kwa kuwa hewa ya chumvi ya mji huu hula kila chuma na kukitia ukungu, fundi alisema kwamba watoto wa siku hizi wanadhani mambo haya ni mapya. Gari la moshi la kwanza la pwani hii, alisema, lilikuwa karibu ni kitu cha kuchezea vile vile, nalo lilikuwa la Seyyid Barghash. Na stima ya kwanza ya kisiwa cha Mombasa pia ilitoka kwake, tena mitumba.

Hapo bwana mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameegemea mlango, alikunja uso. Alisema kwamba katika nyumba yao jina hilo halitajwi kwa kheri, maana ndiye aliyemtia kifungoni Sheikh Ali bin Abdallah. Pakawa kimya. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, mtu wa magazeti, kwamba niiandike habari yake ilivyo. Basi hii ndiyo, kwa kadiri ya nafasi niliyopewa.

Barghash bin Said alizaliwa mnamo mwaka 1837. Msomaji wa Mombasa autie akilini mwaka huo, kwani ndio aliopoteza Mombasa mamlaka yake. Ndipo baba yake, Seyyid Said bin Sultan, alipowaondoa Mazrui katika Ngome baada ya miaka mingi ya vita na mashairi ya kujibizana, akawakamata wakubwa wao na kuwapeleka kifungoni Bandar Abbas, ambako hawakurudi. Mama yake Barghash alikuwa suria wa Kihabeshi. Alikua katika majumba ya Unguja pamoja na ndugu wengi wa mama mbalimbali, na tangu ujanani alijulikana kwa mambo mawili: ukali wa dini na kutoridhika kuwa nyuma.

Seyyid Said alikufa baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirudi kutoka Maskati. Barghash alikuwa pamoja naye chomboni. Kilipotia nanga Unguja, kijana huyu wa miaka kumi na tisa hivi hakupiga mbiu ya msiba. Alimteremsha baba yake usiku, akamzika kwa siri, akajaribu kuzizingira nyumba za ndugu yake Majid kabla habari haijaenea. Hakuwahi. Majid akakaa kitini.

Miaka mitatu baadaye alijaribu tena, na safari hii alikuwa na wasaidizi ndani ya majumba. Dada yake Khole alikuwa upande wake, na dada mwingine mdogo, Salme, ambaye alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, alikuwa mwandishi wa barua zake za njama. Njama ikavuja. Barghash akatoroka akiwa amevaa nguo za kike, akajifungia katika shamba moja na wafuasi wake, na lau si manowari za Kiingereza kumsaidia Majid huenda historia ya pwani ingeandikwa vingine. Aliposalimu amri alitiwa melini akapelekwa Bombay.

Mimi huona kwamba kifungo kile cha Bombay ndicho chuo chake. Alikaa huko kiasi cha miaka miwili, tangu 1859 hata 1861, katika mji uliokuwa na reli tangu mwaka 1853, wenye viwanda vya mashine, bandari ya meli za moshi, na Waingereza wakitawala kwa karatasi na saa kuliko kwa upanga. Aliporudi alikaa kimya miaka tisa. Majid alipokufa mwezi wa Oktoba 1870, Barghash hakuhitaji tena nguo za kike wala kuzika usiku. Alipanda kitini akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu.

Mwanzo wake ulikuwa mbaya. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, pamoja na merikebu zake mwenyewe. Pemba ilinusurika, na tangu hapo karafuu ikawa zaidi ya Pemba. Mwaka uliofuata alikuja Sir Bartle Frere kutoka Uingereza na sharti la kuvunja biashara ya watumwa. Barghash alikataa, akaonyeshwa manowari, na tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi mbele ya Balozi John Kirk, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Wako wanaomsifu kwa sahihi ile, lakini mimi siwezi kumsifu mtu kwa kitu alichokifanya chini ya mtutu wa mzinga. Sifa, ikiwapo, ni za baadaye, alipoitumia hati hiyo kwa kweli na kupiga marufuku hata misafara ya nchi kavu mwaka 1876, hali akijua kwamba matajiri wake wengi watamchukia.

Sasa tuje Mombasa. Katika Ngome alikuwako akida, Muhammad bin Abdallah Bakhashwen, mtu wa Hadhramaut kwa asili, aliyeona kwamba mwenye Ngome ndiye mwenye mji. Aligombana na liwali, akaasi, na sehemu ya mji ikateketea kwa moto. Barghash hakuwa na nguvu ya kumtoa. Mwezi wa Januari 1875 zilikuja manowari mbili za Kiingereza, Rifleman na Nassau, zikaipiga Ngome mizinga hata akida akasalimu amri na kusafirishwa. Hivyo ndivyo Seyyid alivyoirudisha Mombasa, kwa mizinga ya kuazima. Nadhani alielewa vizuri sana maana yake, kwa kuwa miaka miwili baadaye alimchukua Lloyd Mathews, ofisa wa manowari ya Kiingereza, amfundishie jeshi lake mwenyewe la kisasa.

Mwaka huo huo wa 1875, katikati yake, alialikwa Uingereza. Alimwona Malkia Victoria, akapelekwa kutazama miji ya viwanda, na baadaye akapitia Ufaransa. Na hapa ndipo inapoingia habari ya stima. Historia ya kampuni ya umeme ya Kenya huanza na mwaka huu: kwamba 1875 Seyyid Barghash alipata mashine ya kuzalisha umeme ya kutilia taa jumba lake na njia zilizo karibu.

Fundi wangu alipousikia mwaka huo alitikisa kichwa. Dinamo ilikuwapo, alisema, kwani mashine ya Gramme ilionyeshwa Paris mwaka 1871, lakini taa zipi? Balbu ya Edison ilitoka mwaka 1879. Kabla yake ilikuwako taa ya vipande viwili vya mkaa vilivyokaribiana, stima ikiruka baina yao kwa mwanga mkali wa kuumiza macho, na hata kingo za mto Thames mjini London hazikupata taa za namna hiyo mpaka 1878. Nami nakubaliana naye. Naona mwaka 1875 ni mwaka aliotamani, na taa zenyewe zilimfikia baadaye, pamoja na lile jumba la 1883 ambalo watu, kwa kushangaa, waliliita Beit al-Ajaib. Lilikuwa na nguzo za chuma, baraza za ghorofa tatu, lifti na taa za umeme, na mbele yake mnara. Husemwa kwamba lifti ile ilikuwa ya kwanza katika Afrika ya Mashariki.

Kuna jambo moja katika maelezo ya kampuni ambalo fundi hakulikataa, nalo ni kwamba taa ziliishia jumba na njia za karibu. Dinamo za zama zile zilitoa mkondo wa upande mmoja, kama huu wa reli za mtoto, na kwa volti chache. Mkondo wa namna hiyo hauwezi safari. Kila unapourefusha waya, stima hupotea njiani kwa joto, na taa ya mwisho huwa hafifu kama mshumaa. Ukitaka kupeleka mbali huna budi kununua waya mnene mno wa shaba. Kwa hiyo mwanga wa Barghash ulikuwa lazima ukae karibu na Barghash. Tena fikiria kuta zetu. Matumbawe na chokaa hunywa unyevu wa chumvi, na waya wa siku zile ulizungushiwa pamba na mpira tu. Mafundi waliopanda ngazi kila juma kutafuta waya uliovuja, pale ukuta ulipokuwa ukiramba stima, hawakuandikwa majina yao popote. Fundi wangu alisema angependa kukaa nao baraza moja.

Gari la moshi lina tarehe iliyo thabiti zaidi. Mwaka 1879 Seyyid alijengewa reli ya maili saba kutoka jumba lake mjini hata jumba lake la Chukwani, kusini ya mji. Mwanzo mabehewa mawili yake ya fahari yalivutwa na nyumbu. Kisha mwaka 1881 aliagiza kutoka kiwanda cha Bagnall, Stafford, kichwa kidogo cha moshi cha magurudumu manne. Maili saba! Gari lile halikuchukua karafuu wala mzigo wa mtu. Lilimchukua Seyyid na nyumba yake kwenda kupunga upepo. Ndiyo maana fundi alisema ni kama kitu cha kuchezea, na sioni kwamba alimdhulumu.

Walakini ningekuwa mimi ndiye mdhalimu kama ningeishia hapo. Mtu huyu alileta maji ya mfereji kutoka chemchemi za kaskazini karibu na Bububu mpaka mjini, watu wakachota bila ya malipo, katika mji ambao kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu kabla ya zama zake. Alinunua meli za moshi. Alianzisha chapa ya Kiarabu, na kuanzia mwaka 1880 hivi vikapigwa chapa vitabu vya fikihi ya Kiibadhi vilivyosomwa hata Oman. Waya wa simu ya chini ya bahari kutoka Aden ulimfikia mwaka 1879, na kabla yake, mwaka 1872, zilianza kuja kila mwezi meli za posta za British India.

Niruhusiwe kidogo habari ya maneno. Chombo kile kilichochukua posta tulikiita meli kwa neno la Kiingereza la posta, na kingine cha moshi tukakiita stima kwa neno lao la mvuke. Baadaye mashine ya mvuke ilipozungusha dinamo, watu wa Mombasa wakautoa mvuke chomboni wakautia katika waya, na mpaka leo mtoto wa Kibokoni akisema stima, ana maana ya taa. Ndugu zetu wa Unguja husema umeme. Wao ndio walioanza kuwa nao, lakini sisi ndio tulioukumbuka moshi wake.

Tena wako wanaosema kwamba Bububu ilipata jina kwa mlio wa gari la moshi. Si kweli. Reli ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905, na Salme, yule dada mwandishi wa njama, amelitaja Bububu katika kitabu chake cha mwaka 1886.

Salme mwenyewe ni jeraha jingine. Alitoroka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akabatizwa Emily Ruete, akafiwa na mume mapema. Mwaka 1885 alirudi katika meli za Wajerumani, akitumaini kaka yake atampa haki yake ya urithi. Barghash hakumpokea. Aliyekuwa ameiweka roho yake rehani kwa ajili ya njama zake hakupata hata salamu ya mlangoni. Watu husema ni kwa sababu ya dini, na hapana shaka dini ilikuwamo. Lakini alikuja na manowari za Kijerumani, na wakati huo manowari zile zilikuwa zimekuja kumnyang'anya Barghash nchi.

Kwani mwaka 1884 Karl Peters alipita bara ya Usagara akikusanya misalaba ya masheha juu ya karatasi. Mwaka 1885 Ujerumani ikatangaza himaya, Barghash akapinga kwa simu mpaka Berlin, na jibu lake likawa manowari zilizoelekeza mizinga kwenye jumba lake lenye taa. Rafiki yake Kirk, ambaye kwa miaka yote alikuwa kama waziri wake wa siri, aliamriwa na London amnasihi akubali. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakaamua kati yao kwamba milki yake bara ni maili kumi tu kutoka ufukweni. Tarehe 24 Mei 1887 akawakodisha Waingereza wa kampuni ya Mackinnon utawala wa ufukwe wa kwetu, Mombasa ikiwamo. Bendera nyekundu ikabaki ikipepea juu ya Ngome, na ikaendelea kupepea mpaka Desemba 1963.

Sasa habari ya Sheikh Ali, ambayo yule bwana mlangoni alikuwa akiingoja, na sikutaka kuipita kwa mbio. Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi al-Mazrui alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Mombasa, Mshafii, bingwa wa mjadala. Alifundisha na kuandika juu ya hitilafu ya madhehebu, na wako Waibadhi, tena watu wa daraja, walioacha madhehebu yao kwa hoja zake. Barghash, ambaye alipokuwa na nguvu alizichapa hoja zake kwa herufi za risasi, safari hii hakujibu kwa chapa. Alimtia Sheikh kifungoni. Hakuwa peke yake, kwani Barghash aliwafunga wanavyuoni hata wa ukoo wa Barwani kwa sababu hiyo hiyo. Naliandika hili nikiwa mtu niliyesomea chuoni Kurani kwa walimu ambao elimu yao, kwa mkono na mkono, inarudi kwa Sheikh Ali. Siwezi kulitia katika mizani pamoja na mifereji na taa nikasema yamesawazika. Mfereji ni mfereji, na kumfunga mwanachuoni kwa elimu yake ni kumfunga mwanachuoni.

Mwanzoni mwa 1888 Seyyid alikuwa mgonjwa sana. Alikwenda Oman, nchi ya baba zake, kutafuta afya, na hakuipata. Alirudi Unguja akafariki usiku huo wa kufika, mwezi wa Machi 1888, akiwa na miaka hamsini na moja hivi. Yeye aliyemteremsha baba yake maiti kutoka chomboni, nusura ateremshwe vivyo hivyo. Ndugu yake Khalifa alimrithi, na miongoni mwa mambo ya mwanzo aliyoyafanya ni kumfungulia Sheikh Ali, akarudi Mombasa na kufundisha mpaka alipokufa mwaka 1894. Mwanawe Al-Amin, aliyezaliwa 1891, ndiye aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwanzilishi wa gazeti la Sahifa mwaka 1930. Sisi tunaoandika Kiswahili katika magazeti ya pwani tuna deni kwake.

Reli ya Chukwani iling'olewa mara baada ya kifo cha mwenyewe, na kichwa cha Bagnall kikauzwa kwa vyuma chakavu. Mnara wa mbele ya jumba ulianguka kwa mizinga ya Waingereza Agosti 1896. Beit al-Ajaib lilisimama miaka mia na zaidi, mpaka sehemu yake kubwa ilipoporomoka siku ya 25 Desemba 2020.

Lakini ile mashine ya taa ilivuka bahari. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, ambaye msomaji asimchanganye na yule Alibhai Mulla Jeevanjee wa bustani ya Nairobi, aliinunua, na ikaundwa kampuni ya kukitilia stima kisiwa hiki. Unguja wakati huo ilikuwa imekwisha kupata mitambo mipya, na cha zamani kilikuwa hakina kazi. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliunganishwa zikawa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina ikawa ya Kenya. Kwa hiyo kila mtu wa nchi hii, hata wa Turkana, akifuata waya wake nyuma na nyuma, atafika Mombasa, na akiendelea atafika mlangoni kwa Barghash.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakukumbuka taa za mwanzo. Alikumbuka matoroli. Kampuni ya Kiingereza ilianza reli nyembamba upande wa bara mwaka 1890, ikachoka baada ya maili chache, na vyuma vyake vikaletwa kisiwani vikawa njia za matoroli ya kusukumwa na watu, kutoka mjini hata Kilindini. Mabwana walikaa juu chini ya kitambaa cha kivuli, na wasukumaji wakikimbia miguu mitupu baina ya reli. Alikuwa mtoto. Alisema toroli moja likikutana na jingine, la mtu mdogo lilinyanyuliwa likatolewa njiani ili la mkubwa lipite.

Turudi ukumbini. Fundi alizipangusa reli zote na gari halikwenda. Akaanza kuifungua njia kipande kimoja kimoja, na kila akitoa kipande hujaribu waya, macho kwenye taa nyekundu. Alipokitoa kile kitanzi, taa ikabaki inawaka, na gari likaruka mbele. Hapo akacheka peke yake. Akaweka kidole juu ya reli ya kulia, akakipitisha polepole kuzunguka kitanzi chote bila ya kukiinua, na kilipotoka upande wa pili kilikuwa juu ya reli ya kushoto. Kulia kumekutana na kushoto bila ya mtu kuona. Hapakuwa na waya mbovu wala chuma kilichovunjika. Mjomba alikuwa ameipiga shoti njia kwa umbo lake lenyewe.

Dawa yake ni kukata. Alikata reli zote mbili pande zote mbili za kitanzi kwa msumeno mdogo, akatia vijipande vya plastiki katika nyufa ili chuma kisigusane, kisha akakipa kitanzi waya zake mbali zenye swichi ya kugeuza. Gari likiingia kitanzini husimamishwa, swichi hugeuzwa, na stima ya njia kuu nayo hugeuzwa kabla gari halijatoka. Mtoto alijifunza kwa mara mbili. Ilikuwa imekaribia saa sita ya usiku.

Yule bwana wa mlangoni alikuwa bado yupo. Alikuwa amekwisha kukaa chini, miguu ameikunja, na gari lilipompita mara ya tatu alimwuliza mtoto ni kituo kipi hapo kilicho Chukwani.